Msusi wa Kweli Ni Yule Anayekukatalia

Barua ya kupangiwa kazi imefika: Mang'ola, Wilaya ya Karatu. Una furaha, una begi la nguo, na una nywele ambazo kule ulikotoka zilikuwa na mtu wake. Huyo mtu wako alijua wapi panauma, alijua mafuta gani yanakuletea mba, alijua hata lini mliachana na yule jamaa, maana ndiyo siku uliyoingia saluni ukasema "kata zote". Kule unakokwenda humjui mtu. Miezi miwili baadaye uko mbele ya kioo, chanuo limejaa vipande vifupi vifupi, nywele za mbele zinarudi nyuma kama maji ya bahari yakipwa, na unajisemea lile neno tulilolisikia tangu utoto: nywele zangu ni ngumu.

Subiri kwanza, mpenzi msomaji. Kabla hujazilaumu nywele, hebu tuangalie mahali ulipo.

Mang'ola ni bonde la vitunguu. Ukiwa Karatu mjini unatembea na sweta, ukishuka kuelekea Ziwa Eyasi unaanza kulivua. Juu yako kuna milima ya Ngorongoro, chini kuna mashamba ya kumwagilia kwa maji ya chemchemi, na vitunguu vyekundu vya huku vinajulikana mpaka Nairobi. Walimu, manesi, mabwana shamba, wafanyabiashara wa mazao na vijana wanaotembeza watalii kwa Wahadzabe na Wadatoga, wote wanaishi na vitu vitatu: jua, upepo na vumbi. Na ziwa lenyewe ni la chumvi na magadi.

Hayo yote yanafika kichwani kwako. Nywele za kipilipili zina mikunjo mingi, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kusafiri kwenye mikunjo hiyo mpaka kwenye ncha kama yanavyoteleza kwenye nywele zilizonyooka. Kwa hiyo ncha zetu ni kavu hata ukiwa Tanga. Sasa ziweke ncha hizo kwenye hewa kavu na jua kali, zisuguane na vumbi kutwa, halafu jioni uzioshe kwa sabuni ya mche. Zitakatika tu, hata kama ni laini namna gani.

Mgeni kwenye kichwa chako mwenyewe

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Wengi wetu hatukukua na nywele zetu. Msichana wa Kitanzania anayesoma shule ya serikali mara nyingi ananyolewa kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Sina ugomvi na kanuni hiyo hapa. Ina sababu zake, na asubuhi ya shule bila kuchana nywele ni raha. Ila hesabu: mtu anafikisha miaka kumi na saba au kumi na nane hajawahi kuishi na nywele ndefu hata mwaka mmoja. Mtihani wa mwisho ukiisha anaacha ziote. Zikifika urefu wa kidole, dada au shangazi anampeleka saluni, anawekewa dawa. Basi. Hajui nywele zake zikilowa zinakuwaje, hajui zikikauka zinarudi kiasi gani, hajui hata kama ni nene au nyembamba. Anajua kitu kimoja tu, kwamba chanuo halipiti.

Halipiti kwa sababu anachana kavu, tena kuanzia kwenye mizizi! Zilowanishe, tia kondishena, gawa mafungu manne, anza kwenye ncha kwa chanuo la meno mapana ukipanda juu taratibu. Utashangaa. Nywele zile zile "ngumu" zinaachia.

Maji kwanza, bei baadaye

Ukihamia mahali papya, kitu cha kwanza kukijua si saluni ipi inasifiwa. Ni maji. Chukua chupa, tia maji ya bomba au kisima unachotumia, weka vipande vya sabuni ya kawaida, tikisa. Yakitoa povu jingi, maji ni laini. Yakitoa povu kidogo na ukungu kama maziwa, hayo ni maji magumu, yana madini ya kalisi na magnesi. Ushahidi mwingine uko jikoni: angalia ndani ya birika la chai kama kuna utando mweupe uliogandia. Utando ule ule unajenga makao kwenye nywele zako kila unapoziosha, ndiyo maana unapaka mafuta na bado zinabaki kavu kama nyasi za kiangazi. Usidhani kijiji kizima kina maji ya aina moja. Chemchemi na kisima cha mita mia mbili kutoka hapo vinaweza kutofautiana. Pima mwenyewe.

Ukiwa na bati na pipa, kinga maji ya mvua uyatunze kwa ajili ya kichwa. Kama huna, kuchemsha kunasaidia kiasi, maana sehemu ya madini inagandia chini ya sufuria. Yaache yapoe, chota ya juu. Halafu, baada ya kuosha na kusuuza, maliza na siki: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji, mwagia, acha dakika mbili, suuza. Sabuni na maji ya magadi yanafungua magamba madogo madogo ya unywele, na kitu chenye uchachu kidogo kinayafunga. Bibi zetu walitumia ndimu, na kwa uchachu inafanya kazi. Ila kwa jua la Eyasi siishauri. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu jua likapiga, yanaweza kukuunguza na kukuachia alama nyeusi kwenye paji la uso kwa wiki kadhaa. Siki haina vituko hivyo.

Sasa tumtafute msusi

Wengi tunamtafuta msusi kwa kuangalia picha ukutani. Zile picha hazikusukwa pale, unajua na mimi najua. Angalia vichwa vya wateja wake wa siku nyingi, hasa pembeni, juu ya masikio. Kama kila anayesukwa naye ana uwanja mpana kuliko umri wake, aga kwa adabu uondoke.

Nenda siku ya kazi, saluni ikiwa tupu, uombe jambo dogo: kuoshwa na kusukwa twende kilioni. Usimpe harusi yako iwe mtihani wake wa kwanza. (Msimu wa vitunguu ukilipa vizuri sherehe zinafuatana, na mabibi harusi kibao wanakutana na msusi wao kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku yenyewe. Mungu awasaidie.)

Akikugusa nywele kabla ya kushika chanuo, hiyo ni dalili nzuri. Akikuuliza maswali, kaa. "Dada, dawa uliweka lini mara ya mwisho? Ilikuwa dawa gani? Uliwahi kuweka kalikiti? Kichwa kinakuwasha? Una kidonda?" Swali la kalikiti si umbea. Dawa ya kalikiti na dawa nyingi za kunyoosha ni kemikali za familia mbili zisizopatana. Ukiweka moja juu ya nyingine, nywele zinaweza kubaki mkononi mwa msusi. Asiyeuliza anacheza bahati nasibu na kichwa chako.

Kisha muulize na wewe, na swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: maji yapo? Saluni nyingi za vijijini zinasuuza kwa ndoo na jagi, na hilo siyo kosa. Kosa ni kubana maji. Dawa ya kunyoosha ina nguvu ya magadi makali kuliko sabuni yoyote unayoijua, na ikibaki kidogo kwenye mizizi inaendelea kula nywele na ngozi wakati wewe umeshafika nyumbani unasifiwa. Ndoo moja haitoshi. Kuna shampuu maalumu ya kuzima dawa, na nyingi zake zinatoa povu la pinki kama dawa bado ipo. Povu likiwa la pinki unaoshwa tena, mpaka liwe jeupe. Msusi anayejua kazi atakuonyesha hilo povu bila kuombwa.

Halafu kuna neno la hatari kuliko yote saluni: "vumilia". Vumilia kidogo ishike. Hapana, shoga yangu. Dawa haifanyi kazi kwa kuunguza. Ukisikia moto, ngozi ndiyo inayoungua, na ni wakati wa maji mengi papo hapo. Hali kadhalika kwenye rasta. Ukisukwa ukahitaji Panadol ili ulale, ukaona vipele vyeupe kwenye mizizi, huo msuko unang'oa. Fumua usiku huo huo, hata kama umelipia saa sita za watu. Mizizi iliyovutwa miezi michache inaweza kusamehe. Iliyovutwa miaka inafunga duka, na hakuna mafuta yatakayoifungua.

Na msusi ninayemheshimu kuliko wote ni yule anayekataa pesa yako. Umekwenda na picha, umepania, yeye anashika kichwa chako anasema, "Leo siweki dawa, mama. Nywele zimechoka. Tuzifunge nyuzi, rudi baada ya wiki sita." Unaweza kukasirika. Unaweza kwenda saluni ya jirani ambayo haikatai mtu. Lakini huyo wa kwanza ndiye wako, andika namba yake. Kufunga nyuzi, kwa taarifa yako, siyo ushamba. Ni njia ya zamani ya kunyoosha nywele bila moto wala kemikali: unafunga uzi kuanzia kwenye shina mpaka ncha, unalala, asubuhi unafungua zimelegea na kurefuka.

Dawa tuiseme kwa jina lake

Hatuwezi kuongea nywele tukaruka habari hii. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya wanawake 33,000 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa hesabu ya kawaida: kati ya wasiotumia kabisa, kama 1.64 katika kila 100 wangeipata kufikia umri wa miaka 70. Kwa watumiaji wa mara kwa mara, 4.05. Bado ni wachache, na utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini zaidi ya mara nne kwa mwaka, jamani, si ndiyo ratiba yetu? Kila zikiota kidogo, mguu saluni.

Sikwambii uache. Ni kichwa chako. Nasema tu, ukiendelea, ongeza muda kati ya mara moja na nyingine, iguse nywele mpya peke yake na siyo zile zilizokwisha kulainishwa, na usikubali dawa iliyochotwa kwenye kopo lisilo na lebo. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, siyo tena TFDA ya zamani, na bidhaa halali lazima ionyeshe imetengenezwa na nani, ina nini, na inaisha lini. Feki za nywele haziiti polisi, zinaita upara.

Kwa anayetaka kuanza upya, kumbuka mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico akiwa amenyoa kichwa kizima, akaingia kumi bora. Kabla yake tulidhani taji linahitaji nywele za kulibebea.

Kabati dogo, siyo duka

Vitu vinne vinatosha. Shampuu isiyo kali, mara moja kwa wiki au mbili; sabuni ya kufulia iache kwa mashuka. Kondishena, nyingi kuliko unavyodhani, na uiache dakika kumi chini ya mfuko wa nailoni, joto la Mang'ola litakupa stimu ya bure. Losheni au krimu ya nywele ya maji maji. Na mafuta. Mpangilio ni huo huo: maji kwanza, krimu, mafuta mwisho. Mafuta hayaleti unyevu, yanaufungia ndani. Ukipaka mgando juu ya nywele kavu zenye vumbi umezifungia ukavu na vumbi pamoja.

Mafuta gani? Mimi ni mtu wa nazi, na siyo kwa sababu ya Pwani tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini, na nazi peke yake ndiyo iliyopunguza nywele kupoteza protini zinapooshwa, maana inapenya ndani ya unywele. Paka saa moja kabla ya kuosha. Bahati mbaya Mang'ola haina minazi, basi litakuwa jambo la kuagiza kwa anayetoka Tanga au Dar.

Kwa vumbi, jibu ni kitambaa. Cha satini au hariri ndani, khanga juu, unapokwenda shamba au kupanda bodaboda. Khanga ya pamba peke yake inanyonya mafuta yote uliyopaka.

Majirani zako wa Ngorongoro walilijua hili kabla ya saluni yoyote. Kwa Wamasai, wanawake ndio wanaonyoa na morani ndiye anayefuga: nywele zinasokotwa kamba nyembamba, zinapakwa mafuta na udongo mwekundu. Ukizitazama kwa jicho la msusi, huo ni ulinzi kamili dhidi ya jua, upepo na vumbi. Na ujuzi haukuishia porini. Vijana wa Kimasai walishuka mijini, na leo Dar es Salaam kusukwa na Mmasai ni jambo la kawaida kabisa. Mkono wao wa kusokota ni mwepesi na sawasawa. Wazee wengine walinung'unika kwamba morani hashiki kichwa cha mwanamke. Waume wengine nao walinung'unika, kwa sababu zao.

Na vitunguu je?

Ukikaa Mang'ola wiki mbili lazima mtu akwambie upake maji ya kitunguu. Usicheke. Mwaka 2002 madaktari wa Iraki walichapisha jaribio dogo: wagonjwa 23 wenye vipara vya viraka, vile vinavyotokea ghafla kama sarafu kichwani, walipakwa maji ya kitunguu mara mbili kwa siku. Baada ya wiki sita, 20 kati yao walikuwa wameota nywele; waliopakwa maji matupu walikuwa 15, wakaota wawili. Ni jaribio dogo mno, na lilihusu ugonjwa huo tu. Halikuhusu nywele zilizong'olewa na rasta wala zilizoungua kwa dawa. Kama utajaribu, jaribu sehemu ndogo kwanza, na umwambie mwenzako kabla hajaingia kitandani. Harufu ile inaweza kuvunja ndoa iliyonusurika mengi.

Kinachohitaji daktari ni kingine. Upara unaoanzia utosini na kupanuka, ngozi inayong'aa bila vitundu, maumivu au usaha: usipake kitu, usisuke juu yake kuficha. Anza hospitali ya Karatu, na ikibidi uombe rufaa kwenda Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC tangu mwaka 1992. Ukiwahi, mizizi iliyobaki inaweza kuokolewa.

Na wewe baba

Usidhani makala haya hayakuhusu. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa kwa spiriti inahamisha mapunye kutoka kichwa hadi kichwa, na kutoka kwako hadi kwa mtoto anayelalia mto wako. Simama uone akiisafisha, ndipo ukae.

Halafu kuna suala la bajeti, ambalo kwa wanandoa wachanga linaleta kelele kuliko mahari. Mume anaona pesa ya saluni ni anasa. Mke anaona mume hajui gharama ya kuonekana "nadhifu" ofisini. Wote wana haki kidogo. Dada anayejua nywele zake anaosha nyumbani, anasukwa kwa mwezi na nusu, na saluni anakwenda kwa kazi inayohitaji fundi. Hesabu inapungua bila mtu kununiwa. Lakini kuosha nywele za kipilipili peke yako kwa ndoo, macho yamejaa povu, ni adhabu. Hapo ndipo mkono wa pili unapohitajika. Jumamosi jioni jua likipoa, toa kiti uani, mwambie mwenzako ainamishe kichwa. Wewe shika jagi. Lita moja ya maji, kijiko kimoja cha siki, mwagia kuanzia utosini kwenda nyuma, na uwe mwangalifu isiingie machoni.